Matairi ya Tope ya Fundi Mrisho

Mrisho bin Selemani alipokufa, mwezi wa nane mwaka huu wa 1979, nilipanda basi Chimala nikaenda Iyunga kumlilia. Sikwenda kama ndugu wala jirani. Nilikwenda kama mtani. Baba yake alikuwa Mzaramo na mimi ni Msukuma, na makabila yetu yanataniana tangu zamani, kwenye harusi na kwenye msiba.

Nilipofika nilimwomba mkewe, Siwema, ovaroli ya marehemu. Nikaivaa juu ya gauni langu, nikajilaza chini ya lori bovu lililokuwa uani, nikaanza kudai spana kwa sauti ya Mrisho. "Nimesema kumi na saba. Hii ni kumi na tano. Wewe ulisoma wapi?" Waliomjua walicheka mpaka machozi yakawatoka, na machozi yalipotoka hayakurudi tena. Jamaa waliotoka Dar es Salaam wakauliza huyu mwendawazimu ni nani. Siwema akawajibu kwamba huyo ni Msukuma wa mumewe, aachwe, ana haki yake.

Baadaye bwana mmoja alisoma maisha ya marehemu. Alizaliwa Chunya, alikuwa fundi hodari, ameacha mjane na watoto watano. Alimaliza kabla chai yangu haijapoa. Nikaona huyo aliyesomwa pale simjui.

Mimi sikwenda shule. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na watoto sita na mvi mbili tatu. Lakini nitaandika ninayoyajua juu ya Mrisho, na ya kwangu yataingia humo, kwa sababu hayatengani.

Sisi tulishuka Usangu mwaka wa 1970 tukitokea Maswa, mimi Ng'washi, mume wangu Seni, na mdogo wake Limbu. Tulitembea na ng'ombe miezi mitatu, tukapita Tabora, tukapita Rungwa, tukatokea Chunya. Wakati ule Wasukuma tulikuwa wachache bondeni, na Wasangu walikuja kutazama jinsi wanawake wetu wanavyoshika plau. Seni na Limbu walikwenda na mifugo. Mimi nilichimba majaruba, nikapanda mpunga. Mpunga wa kwanza niliuza nikanunua mtamba mmoja. Wa pili, mitamba mitatu. Mwaka wa 1973 ng'ombe wangu mwenyewe walikuwa kumi na wawili, wengine nimewanunua kwa mgongo wangu, wengine wamezaliwa na hao, wakilala katika zizi la mume wangu kama desturi ilivyo. Kila mmoja nilimjua kwa jina.

Mwaka huo ndipo Seni aliposikia kwamba Mzungu mmoja wa kahawa huko Mbozi amerudi kwao, na mashine zake zimeachwa Iyunga kwa fundi aziuze. Akasema tununue trekta. Ng'ombe wake alikuwa amewatoa mahari ya Limbu, na waliobaki hawakutosha. Akaniomba wale wangu kumi na wawili waende mnadani.

Nilikataa kwa siku nne. Siku ya tano aliniita mbele ya Limbu, akaniambia maneno ambayo nayakumbuka yalivyokaa. "Mama Leokadia, trekta litakuwa lako. Sisi tutaendesha tu. Na kila mwaka mpunga utarudisha mtamba mmoja zizini mpaka watimie." Nikakubali, kwa sharti moja, kwamba niende nao Iyunga nikalione kwa macho yangu. Nilijua nikiuza wale ng'ombe halafu trekta likafia topeni, sina kitu tena duniani.

Gereji ya Mrisho ilikuwa kando ya barabara kuu, uwanja wenye mafuta meusi na mapipa, na kibanda cha mabati. Alitoka chini ya gari akijifuta mikono. Mtu mfupi, kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakipo, kofia ya kufumwa imekaa upande. Baba yake alikuja bara kuwapikia wachimba dhahabu wa Chunya, na Mrisho alijifunza ufundi kwa malori yaliyokuwa yakikwama njia ya Makongolosi. Labda ndiyo sababu aliogopa tope kuliko kitu chochote.

Alitusalimia kwa mkono, akauliza kabila, na aliposikia Wasukuma akaanza pale pale. Akasema yeye ni Mzaramo, mtoto wa mpishi, na ni bora afiche kuku wake, maana watani wake wakiona kitu chenye miguu wanakitia zizini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, sisi hatuli kuku aliyelelewa na mpishi. Akacheka, akanitazama upya. Kisha akauliza swali ambalo nilikuja kujua anamwuliza kila mtu.

"Mmekuja na udongo?"

Limbu akajibu kwamba tumekuja na fedha.

"Fedha inafanana kila mahali," Mrisho akasema. "Udongo haufanani. Mimi siuzi mashine kwa shamba nisilolishika."

Seni alidhani ni utani mwingine. Lakini mimi nilikuwa nimemletea mwenye gereji majogoo wawili ndani ya tenga, na tenga lenyewe nilikuwa nimelikandika chini kwa udongo wetu wa mbuga ili lisivunjike. Nikalipindua. Mrisho akabandua kipande, akakitemea mate, akakisugua kwa dole gumba, akakiviringisha kama mnyoo na kukifunga pete. Hakikukatika. Akatikisa kichwa. Akasema huu ni udongo unaokula viatu vya mtu na kumwacha miguu mitupu, na akaanza kuzungumza na mimi badala ya wanaume.

Yalikuwapo matrekta mawili. Moja kubwa la buluu, jingine dogo jekundu ambalo mgongo wake ulinifikia begani. Seni alikwenda moja kwa moja kwa la buluu. Mrisho akamwuliza jaruba lake lina hatua ngapi. Seni akamtazama Limbu. Limbu akatazama barabara. Wote wawili walikuwa hawajawahi kupanda mche hata mmoja. Nikajibu mimi, hatua thelathini kwa kumi na nane, na tuta kati ya jaruba na jaruba. Mrisho akasema basi lile kubwa likiingia humo litageukia kwa jirani. Hilo likaisha.

Shida ilikuwa kijiko. Trekta dogo lilikuwa limefungwa mbele kijiko cha chuma cha kubebea, chenye mikono miwili inayopanda na kushuka. Yule Mzungu alikuwa akizoa nacho mbolea na magunia. Magurudumu ya nyuma yalikuwa na matairi mapana yenye meno mafupi, ya kukimbilia barabarani na uwanjani. Na kule ukutani, nyuma ya mapipa, yaliegemezwa matairi mengine mawili, marefu na membamba, meno yake yamesimama kama vidole. Hayo yalikuja na trekta lile lile, yalikuwa hayajachakaa.

Sasa nieleze namna Wasukuma tunavyochagua dume, maana bila hilo mtu hataelewa. Tunasimama mbali kwanza. Tunaangalia kifua, shingo, na pembe zilivyokaa. Halafu tunamzunguka na kumpiga kofi ubavuni. Limbu alifanya yote hayo kwa trekta. Alirudi nyuma, akafumba jicho moja, akalizunguka, akalipiga kofi. Akatangaza kwamba kijiko kibaki, kwa sababu trekta lisilo na kile kitu mbele ni kama dume aliyekatwa pembe, na watu wa bondeni watalidharau. Seni akaitikia. Mume wangu alikuwa mtu mzima mwenye akili, lakini mbele ya pembe nzuri akili ilimtoka.

Mrisho akamwuliza Limbu, "Mtani, umekuja kununua trekta au kuchumbia?"

Akawaeleza kwa upole kwamba kijiko ni kizito, na uzito wote unaangukia magurudumu ya mbele, ambayo ni madogo. Uwanjani ni sawa, unatia maji ndani ya matairi ya nyuma ili kusawazisha. Lakini kwenye tope pua itazama, na maji ya nyuma yataongeza kuzama. Wakamwona anataka kubaki na kijiko chake.

Hapo nikasema. Nilisema polepole, nikimtazama Seni, kwa sababu sikutaka kumwaibisha. Nilimkumbusha maksai wetu aliyekuwa na kifua kama mlango na kwato ndogo kama za mbuzi. Alikuwa mzuri kuliko wote na tulimpenda. Lakini hatukumfunga plau mbugani hata siku moja, kwa sababu alizama. Tuliyemfunga alikuwa yule mwembamba mwenye kwato zilizopanuka. Nikamwambia pembe hazilimi, kinacholima ni mguu, na mguu wa hili trekta ni ule ulioegemezwa ukutani.

Limbu akasema mambo ya mashine si ya kulinganisha na maksai, ingawa ni yeye aliyekuwa ametoka kulipiga kofi.

"Basi tusibishane," Mrisho akasema. "Twende topeni."

Akaliwasha. Tukashuka hadi bonde la Ilomba, mahali ambapo wafyatua tofali walikuwa wamechimba shimo kubwa na kulijaza maji ya kijito ili kulainisha udongo. Mrisho aliomba ruhusa, akawaahidi sigara, akalipeleka trekta ndani na kijiko chake na matairi yake mapana. Lilikwenda kama hatua kumi. Kisha meno mafupi yakajaa udongo, tairi likawa laini kama chungu, likazunguka mahali pamoja. Pua ikashuka. Kijiko kikakita ndani ya tope, na Mrisho akazima mashine, akakaa juu yake na kuwasha sigara kama mtu anayengoja basi. Wafyatua tofali walifurahi sana. Mmoja akamwuliza Limbu kama lile dume amelinunua tayari au bado yuko kwenye mahari.

Lilivutwa kwa kamba na watu kumi na wanne, Seni na Limbu wakiwamo, matope hadi mapajani. Tuliporudi gerejini Mrisho akakitoa kijiko, akalipiga trekta jeki, akafunga yale matairi marefu. Kazi hiyo ilichukua mpaka jua la saa nane, na wakati huo nikamweleza fedha ile imetoka kwa ng'ombe wa nani. Kabla ya kushuka tena akalegeza upepo kidogo, akaniita nione. Akasema tairi la tope halitaki upepo mwingi, linataka kukanyaga kwa kisigino chote. Tairi likijaa sana linasimama kwa vidole na kutoboa.

Likaingia shimoni. Tope liliruka kutoka kwenye meno kama mbegu anazorusha mtu, na kila jino liliingia safi. Likapita katikati, likapanda ng'ambo, likageuka, likarudi. Aliporudi alisimama mbele yangu. Hakumwita Seni. Akanionyesha madigadi ya gurudumu, akasema, "Panda, mtani. Ng'ombe ni wako, ukalione likienda."

Nilikuwa na miaka thelathini na nane, mama wa watoto watano. Nikapanda. Tulizunguka lile shimo mara mbili, nikiwa nimeshikilia kwa mikono yote, na nilicheka mpaka kilemba kikaanguka topeni. Sijui kama nimewahi kucheka hivyo tena.

Matairi mapana na kijiko vilibaki gerejini. Trekta tulilipakia kwenye lori la mbao lililokuwa likirudi tupu Mafinga, maana meno marefu yanaliwa na lami. Dereva, Edmund, alizungumza na Limbu njia nzima. Alimweleza jinsi viwanda vya mbao vya kule Sao Hill vinavyokosa mashine za kunyanyua magogo, na kwamba mwenye trekta lenye kijiko kule hupata kazi kila siku ya mwaka, mvua na jua. Nilisikia. Sikutia maanani. Nilikuwa naangalia meno ya tairi.

Miaka mitatu iliyofuata ndiyo ninayoililia leo kwa sababu ilikuwa mizuri. Novemba mvua ikianza, Limbu alishika usukani, mimi nikikaa juu ya madigadi kumwonyesha tuta liko wapi chini ya maji, maana mimi ndiye niliyeyajenga. Harufu ya dizeli ilichanganyika na ya tope jipya. Korongo weupe walitufuata nyuma kuokota wadudu. Watu walitoka Igurusi na Utengule kuja kuona trekta ambalo halizami. Mwaka wa 1974 tulipohamishiwa kijijini nyumba ilihama, lakini majaruba yalibaki yetu, na tulikwenda asubuhi tukiwa tumejaa juu ya tela kama viazi.

Kila Oktoba Mrisho alikuja kulikagua. Alikaa siku mbili. Alikula wali wangu na maziwa ya mgando, huku akilalamika kwamba Wasukuma wanaugandisha hata ukarimu. Nilimjibu kwamba Wazaramo wanakula nazi kwa sababu ng'ombe waliwakimbia. Alinifundisha kuangalia mafuta kwa kijiti, kupaka grisi, kusikia kama upepo wa tairi umezidi kwa kulipiga teke. Wakati huo ndipo nilipoanza kisomo, na siku moja niliandika kwa chaki ubavuni mwa trekta, NG'WASHI, herufi zikipanda mlima. Mrisho alisoma kwa sauti. Seni alikuwapo. Kesho yake nilikuta herufi zimefutika.

Nilidhani ni umande.

Mitamba mitatu ilikuwa irudi zizini kwa miaka hiyo mitatu. Ulirudi mmoja. Wa pili Seni alisema anangoja bei ishuke. Wa tatu hakuutaja.

Agosti mwaka wa 1976 Seni na Limbu walilipakia trekta kwenye lori, wakasema wanalipeleka Iyunga kwa matengenezo. Nikashangaa, kwa kuwa Mrisho ndiye aliyekuwa akija. Siku ya tatu kondakta wa basi alinitafuta gengeni akanipa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa barua ya kwanza maishani mwangu niliyoisoma mwenyewe. Mrisho aliandika kwa herufi kubwa ili zisinishinde. "Mtani. Trekta liko kwangu. Wanataka kijiko na matairi ya lami. Wanakwenda Mafinga. Nimewaambia jeki imevunjika. Njoo."

Nililipanda basi lile lile.

Niliwakuta wamekaa juu ya mapipa, Seni, Limbu, na Mrisho akijifanya anatengeneza jeki isiyo na kasoro. Seni aliponiona alisimama, kisha akakaa. Nikamwuliza kama ni kweli. Akasema ni kwa kiangazi kimoja tu. Nikamwambia kijiko na matairi mapana si vya kiangazi kimoja. Trekta likivaa viatu vya barabarani halirudi mbugani, na yeye anajua. Limbu akasema mpunga unalimwa miezi miwili, na magogo yapo mwaka mzima, na shemeji aelewe kwamba hii ni mali ya ukoo.

Nikamkumbusha Seni maneno aliyoniambia mbele ya mdogo wake. Sikupiga kelele. Niliwataja wale ng'ombe mmoja mmoja, kumi na wawili, kwa majina yao, na wote wawili waliyajua majina hayo.

Seni alitazama chini. Alijibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia. "Mama Leokadia, ng'ombe aliyelala katika zizi langu ni ng'ombe wangu. Wewe nilikuacha uwaite wako kwa kuwa ulikuwa unafanya kazi vizuri."

Nimejaribu kuandika hapa jinsi nilivyojisikia nikaona kisomo hakikufika huko.

Mrisho aliacha jeki. Alijua, nami nilijua, kwamba hawezi kulizuia trekta. Karatasi ya ununuzi ilikuwa na dole gumba la Seni. Akafanya kazi aliyoombwa. Alifunga kijiko. Aliyatoa matairi marefu, akafunga yale mapana, akayatia maji. Hakutania hata mara moja, na kwa Mrisho hilo lilikuwa jambo la kutisha. Alipomaliza aliviringisha tairi moja refu hadi katikati ya uwanja, akalilaza, akaviringisha la pili akalilaza juu ya lile la kwanza, kisha akapanda akakaa juu yake na kukunja miguu.

Limbu akamwambia wameshayapatia nafasi kwenye lori la mbao, watayauza Mafinga.

"Haya nimeyateka," Mrisho akasema.

"Umeyateka vipi?"

"Kwa utani. Mimi Mzaramo, wewe Msukuma. Nimeona kitu chako nimekipenda nimekikalia. Baba yako angekuwapo angekueleza."

Limbu alicheka kwanza. Halafu akaona Mrisho hashuki. Mafundi wengine walikuwa wameacha kazi, na wazee wawili wa Kinyamwezi waliokuwa wakingoja pikipiki yao wakasogea, na mmoja akathibitisha kwamba mtani akiteka hadaiwi, anayedai atakuwa amevunja jambo ambalo si la kwake kulivunja. Seni alikuwa mtu wa desturi. Alikuwa ameitumia desturi dhidi yangu dakika chache tu zilizopita, tena mbele ya watu hao hao. Akamwambia Limbu awashe trekta waondoke.

Lilipopotea barabarani, Mrisho alishuka. Akasema kitu kilichotekwa kwa utani mtekaji anaweza kumpa amtakaye, naye anampa yule mwanamke mkorofi aliyesimama pale bila kilemba. Siwema alinipikia. Kesho yake nilirudi Chimala juu ya lori, nimekaa katikati ya matairi mawili ya trekta ambalo sina.

Yalikaa ukutani kwangu miezi saba. Watu walicheka. Seni alikuja mara mbili na sukari, na mara ya tatu nilisikia kwamba ameoa Mafinga. Mwaka ule matairi hayakupatikana nchini, hata ya baiskeli. Ndipo mkulima mmoja wa Ubaruku, jina lake Saulo, aliyekuwa na trekta dogo kama letu lililosimama kwa kukosa viatu, alikuja akayapiga teke, akayapima kwa kamba, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia sitaki fedha. Nataka mitamba miwili, na mmoja uwe na mimba. Nilikwenda Ubaruku kwa miguu kuichagua. Nikajenga zizi jipya la miiba nyuma ya jiko langu, kwa mikono yangu, na sikuweka ng'ombe hata mmoja katika lile la zamani.

Nilimweleza Mrisho habari hiyo. Nilidhani atafurahi. Akasema alikuwa anazunguka mashamba ya Mbozi akitafuta trekta jingine dogo, hata bovu, alifufue, alivalishe yale matairi. Alikuwa hajaniambia kwa sababu hakutaka kunipa ahadi, nilikuwa nimeshapewa za kutosha. Halafu akasema mitamba ni mizuri, na kwamba Msukuma hata ukimpa gurudumu atalitafutia dume.

Desemba iliyopita Seni alirudi. Malori yalikuwa yamekwenda vitani Kagera, dizeli haikuonekana, na magogo ya Sao Hill yalibaki msituni. Alikuja na trekta, kijiko kimepinda, rangi imekwisha. Hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye majaruba, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na alitaka kuwahi. Lilikwenda kidogo tu kutoka barabarani. Pua ikashuka.

Alinifuata jikoni na matope hadi magotini. Alikuwa amezeeka, na kusema kweli nilimwonea huruma kwa kitambo. Akauliza matairi marefu yako wapi. Nikamwambia yako Ubaruku, yanalima. Akauliza nani alimpa ruhusa aliyeyauza. Nikamwambia Mrisho aliyateka, Mrisho akanipa, aende Iyunga akamwulize mtani wake.

Alikwenda. Siwema aliniambia kwamba Mrisho alimpa chai, akamwuliza habari za watoto, akamweleza kwamba matairi ya namna ile hayapo Mbeya nzima, na wakati wa kuagana akamwuliza, kama anavyomwuliza kila mtu, kama amekuja na udongo.

Msimu huo nililima kwa maksai wa kukodi. Njia ya kwenda kwenye majaruba inapita pale trekta lilipobaki limezama, na nilipita kando yake asubuhi na jioni, nikiwa nimeshika plau, mpaka mpunga ukafunga ukalificha magurudumu.